Barua ya wazi: Tuacheni tutoe kobalti kwa umeme

Kwenu wakurugenzi wa viwanda vinavyotengeneza vikataji vya almasi, maofisa ununuzi wa kampuni za uchimbaji mnaovinunua, na wakaguzi wa usalama kazini mnaopita kwenye vyumba vyetu mara moja moja.

Waheshimiwa,

Nimefanya kazi miaka mingi katika chumba ambamo almasi ya kutengenezwa huloweshwa kwenye asidi ili kobalti iliyomo itoke. Nawaandikia hadharani kwa sababu barua za ndani nimeshaziandika. Zilipokelewa, zikagongwa muhuri, na vyombo vikaendelea kuchemka. Ombi langu ni moja: mikataba yenu ya ununuzi na taratibu zenu za ubora ziache kudai asidi. Zidai kina ambacho kobalti imetolewa na uimara wa kikataji kwenye mwamba, kisha mtuache tufike huko kwa umeme.

Najua kwamba kwa baadhi yenu kikataji hufika mezani kama mstari mmoja tu wa ankara, kwa hiyo nianzie mbali kidogo. Tangu miaka ya 1970 vikataji hivi, yaani meno ya kukata mwamba kwenye vichwa vya kuchimbia, hutengenezwa kwa kuweka unga wa almasi juu ya kitako cha kabaidi ya tangsteni, kisha vyote viwili hubanwa kwa shinikizo la gigapaskali 5 hadi 6, yaani kama mara 50,000 ya shinikizo la hewa tunayoivuta, katika joto la nyuzi 1,400 za selsiasi au zaidi. Kobalti ambayo ilikuwa gundi ya kabaidi huyeyuka, hupanda kwenye unga na kuziwezesha punje za almasi kushikana zenyewe kwa zenyewe. Bila kobalti hiyo, shinikizo na joto hilo lisingetosha. Lakini kazi ikiisha haiondoki. Hubaki kwenye vijitundu kati ya punje, imeenea kama mizizi.

Mgeni aliyesaidia kujenga ndiye anayekuja kuibomoa nyumba. Katika joto la kawaida kobalti hutanuka zaidi ya mara 10 ya almasi, kwa hiyo kikataji kikipata moto kwa kusugua mwamba, mizizi ile huvimba kuliko nyumba iliyoipa nafasi, na nyufa huanza. Joto likifika nyuzi 700 hivi, kobalti ileile iliyosaidia almasi kushikana huanza kuigeuza kuwa grafiti, kaboni laini kama ya penseli. Ndiyo maana tunaitoa kwenye tabaka lililo karibu na ukingo unaokata. Almasi iliyotolewa kobalti huweza kustahimili hadi karibu nyuzi 1,200 mahali pasipo na oksijeni. Jambo hili si geni: Bovenkerk na Gigl walipata hataza yake Marekani mwaka 1980. Sina ugomvi na lengo hilo hata kidogo. Ninachogombana nacho ni njia.

Njia iliyozoeleka iko hivi. Kitako hufunikwa kwa kizibo cha plastiki isiyoliwa na asidi, uso wa almasi huzamishwa kwenye mchanganyiko wa asidi ya nitriki na asidi ya hidrofloriki, chombo hufungwa na kupashwa moto, kisha tunasubiri. Tabaka jembamba huchukua siku, tabaka nene huchukua wiki. Kila mikromita inayoongezeka huirefusha safari ya asidi kwenda ndani na ya chumvi ya kobalti kuja nje, hata ukitaka kina mara mbili ujiandae kusubiri karibu mara nne. Na siku zote hizo chombo hakisemi kitu. Huwezi kujua kama asidi imeenda sawasawa au imekwama kwenye kona moja mpaka ufungue, uoshe, upige picha ya eksirei au ukate kipande kimoja na kukiweka chini ya hadubini.

Sasa nifike kwenye asidi ya hidrofloriki, kwa sababu hapa ndipo naona maofisa wengi hawajaambiwa ukweli kamili. Kobalti haiihitaji asidi hii. Nitriki peke yake, au haidrokloriki, huiyeyusha kobalti vizuri. Hidrofloriki tunaiweka kwa ajili ya tangsteni, ambayo hupanda pamoja na kobalti wakati wa kubanwa na kubaki humo kama chembe za kabaidi. Nitriki ikizigusa huacha oksidi inayoziba njia. Kwa maneno mengine, kitu cha hatari kuliko vyote katika chumba kimeletwa kufuata chuma cha pembeni, si kile tunachokilenga.

Na hatari yake haifanani na ya asidi nyingine. Haidrokloriki ikikudondokea, unajua papo hapo. Hidrofloriki iliyopunguzwa makali inaweza kupita kwenye ngozi bila maumivu kwa saa nyingi. Ndani hukamata kalsiamu na magnesiamu ya mwili, hufika mpaka kwenye mfupa, na ikiingia ya kutosha moyo hupoteza mapigo yake. Nitriki nayo, ikikutana na chuma, hutoa mvuke wa rangi ya kahawia ambao mtu anaweza kuuvuta, akakohoa kidogo, akaenda nyumbani kulala, na mapafu yakaanza kujaa maji usiku.

Mwenzangu mmoja wa zamu ya usiku alipata tone moja. Glavu yake ilikuwa na tundu ambalo hata baadaye tulipoitafuta mwangani tulihangaika kuliona. Alihisi unyevu kwenye ncha ya kidole, akanawa, akavaa glavu nyingine, akaendelea na kazi kwa sababu hakikumuuma. Alfajiri kidole kilikuwa cheupe kama nta na yeye amekaa sakafuni, amekishika, hawezi kuongea. Tulikimbilia sanduku la huduma ya kwanza. Jeli ya kalsiamu glukoneti, dawa ya kupaka mtu aliyeunguzwa na hidrofloriki, ilikuwemo, bombani, imekauka. Tarehe yake ilikuwa imepita zamani. Alitibiwa, alipona, kidole kimepinda. Kiwanda chenyewe sikitaji, kwa kuwa nimefanya kazi zaidi ya kimoja na vyote nilivyoviona vingeweza kuwa hicho. Aliyeandika ripoti aliandika kwamba mfanyakazi hakukagua glavu.

Niliisoma ripoti hiyo mara nyingi. Haikuuliza hata mahali pamoja kwa nini kile kimiminika kilikuwepo chumbani.

Njia ya umeme inaanzia kwenye jambo ambalo asidi haiwezi kulitumia: kobalti ile iliyoenea kama mizizi ni mtandao mmoja wa chuma, na mtandao huo umeungana na kitako. Almasi haipitishi umeme, kobalti inapitisha. Ukiunganisha waya kwenye kitako, ukazamisha uso wa almasi kwenye maji yenye chumvi inayofaa, ukaweka kipande kingine cha chuma mbele yake, kikataji chenyewe kinakuwa anodi, yaani upande chanya. Kila atomu ya kobalti hutoa elektroni mbili, huwa ayoni, yaani atomu yenye chaji, huingia majini na kuvutwa kuelekea kathodi, kile kipande kingine cha chuma, ambako inaweza kurudi kuwa chuma. Waya uko nyuma na mmomonyoko unaanzia mbele, kwa hiyo ukingo wa kobalti unarudi nyuma hatua kwa hatua huku mawasiliano ya umeme yakibaki. Hakuna haja ya kimiminika kikali cha kuing'oa kobalti. Anayeing'oa ni umeme, na maji yanakuwa barabara tu. Yanaweza kuwa na salfeti, au sitrati, ambayo ni chumvi ya asidi ileile inayoyapa malimau ukali wake.

Hesabu yake mnaweza kuifanya kwenye bahasha. Michael Faraday alishatupa kanuni yake katika miaka ya 1830. Kobalti ina uzito wa atomu 58.93, na kila moli inadai kulomu 96,485 mara mbili. Gramu moja ya kobalti basi inataka ampia-saa 0.91. Tuchukue kikataji cha kipenyo cha milimita 16, tutoe kobalti kwa kina cha nusu milimita, tuseme kobalti imejaza asilimia 8 ya ujazo. Inatoka kama miligramu 70. Umeme unaohitajika ni ampia-saa 0.065. Betri ya simu ya kawaida ina ampia-saa 4 au 5. Chaji yake, kwa nadharia, inatosha vikataji zaidi ya 60. Kiwandani kutakuwa na hasara, sehemu ya mkondo itapotelea kwenye kutengeneza hidrojeni au kwenye kutu isiyotakiwa, lakini hata ukizidisha mara 10 bado hujafikia gharama ya kupasha vyombo vya asidi kwa wiki mbili.

Wala sisemi umeme utafanya kazi ya wiki kwa saa moja. Mlango bado ni vile vijitundu, na ayoni bado zinapaswa kupita humo. Faida ni kwamba zinasukumwa na uga wa umeme badala ya kutangatanga zenyewe, na faida hiyo hupungua kadiri unavyoongeza chumvi nyingine majini. Hapo pana kazi ya kupima na kuchagua, na ni kazi nzuri.

Lakini kinachonivutia mimi fundi kuliko vyote ni kwamba umeme unaongea. Mita ya mkondo iko mbele yako muda wote. Ukijumlisha mkondo kwa muda, unakadiria ni miligramu ngapi zimeshatoka. Mkondo ukishuka polepole, unajua ukingo unaenda ndani. Ukiruka juu ghafla, unajua kizibo kimevuja na maji yamegusa kitako, na unaweza kuzima swichi dakika hiyohiyo. Kwenye asidi, kizibo kikivuja siku ya pili unakuja kukijua siku ya tisa, kitako kimeshaliwa na kikataji ni cha kutupwa. Nimetupa vingi hivyo. Vingine vilikuwa vimeshika almasi nzuri kabisa juu ya kitako kilichokuwa sifongo.

Volti nayo ni usukani. Kobalti huanza kuyeyuka kwa volti ndogo, kwenye kimiminika chenye asidi kidogo tu, wakati kabaidi ya tangsteni bado imetulia. Ukiongeza volti mno unaanza kuila kabaidi nayo, na tabaka la oksidi linaziba njia. Kwa hiyo anayeendesha anahitaji kifaa cha kushikilia volti dhidi ya elektrodi ya rejea, yaani ile ambayo volti yake haibadiliki, na anahitaji kufundishwa maana yake. Vifaa hivyo viko katika kila maabara ya kutu.

Nisiwafiche matatizo, maana atakayewaletea njia hii bila matatizo atawaangusha. La kwanza ni visiwa. Ukingo ukirudi nyuma, vipande vingine vya kobalti hukatika kutoka kwenye mtandao, vikabaki vimezungukwa na almasi bila njia ya umeme. Waya hauvifikii tena. Asidi ingevifikia, kama kijitundu kiko wazi. Sitrati huvigusa polepole, na kuosha kwa asidi dhaifu mwishoni huondoa sehemu. Swali ni kama vinavyobaki ni vidogo vya kutosha visipasue kikataji, na swali hilo linajibiwa kwenye mwamba, si kwenye mkutano.

La pili ni tangsteni, ileile iliyotuletea hidrofloriki. Kwenye maji yenye asidi hujifunika oksidi na kukaa. Kwenye maji ya alkali oksidi hiyo huyeyuka, lakini humo kobalti nayo hujifunika haidroksidi na kugoma. Chuma kimoja kinakataa pale mwenzake anapokubali. Kwa hiyo nafikiri mpango wa maana ni wa hatua mbili, kwanza kobalti, kisha alkali kuosha oksidi ya tangsteni, na pengine kurudia. Au kutumia kimiminika chenye sitrati ambayo huzishika zote mbili zisigande njiani. Naegemea hatua mbili kwa sababu kila hatua unaweza kuidhibiti peke yake, ingawa najua wenzangu wengine wanapenda kimiminika kimoja kwa urahisi wake.

Hidrojeni ipo pia. Kathodi ikiwa kwenye maji yenye asidi nyingi itatoa hidrojeni badala ya kukusanya kobalti, na hidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka. Feni bado inahitajika. Kizibo cha kitako bado kinahitajika. Maji yenye chumvi za kobalti bado ni sumu: mwaka 2022 jopo la IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliiweka kobalti ya chuma na chumvi zake zinazoyeyuka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu, kundi la 2A, na ngozi za watu wengi hupata mzio zikizigusa. Chumba cha umeme kitakuwa safi kuliko cha asidi. Hakitakuwa jiko la nyumbani. Nataka wakaguzi wa usalama waje humo pia wakiwa na macho yaleyale makali.

Sasa kuhusu kobalti inakokwenda. Kwenye njia ya asidi, mchanganyiko ukichoka tunaumwagia chokaa. Fluoridi hugeuka tope la kalsiamu fluoridi, kobalti na tangsteni huzama humo humo, nitrati hubaki majini zikitafuta mtu mwingine wa kuzishughulikia. Tope hilo ni zito, limechanganyika, na kulitenga tena ni kazi ya gharama. Kobalti hii ilichimbwa. Zaidi ya nusu ya kobalti ya migodi duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na sehemu yake hutolewa ardhini kwa mikono ya watu wanaoshuka kwenye mashimo bila kinga. Inasafiri bahari, inasafishwa, inakuwa gundi ya kabaidi, inasaidia almasi kushikana, na mwisho tunaizika kwenye tope pamoja na fluoridi. Kwenye kathodi ingeganda kama bamba la kijivu la kushikika mkononi. Najua kwa kikataji kimoja ni miligramu chache tu. Chumba kimoja hulowesha vingi kila wiki.

Basi kwa nini hatujahama? Kwa miaka mingi nilidhani ni kemia. Hataza za kutoa kobalti kwa elektrodi zipo, zimeandikwa na watu wanaoijua kazi. Kisha nikapewa nafasi ya kusoma nyaraka za ubora ambazo wanunuzi walitutumia, na nikaona. Nyaraka nilizozisoma zilitaja kina, hilo ni sawa, lakini kando yake zilitaja pia mchanganyiko wa asidi, joto na saa. Kubadilisha chochote kati ya hivyo kulihesabika kuwa ni kubadilisha bidhaa, na bidhaa iliyobadilishwa ilipaswa kupita majaribio yote upya kwa gharama ya kiwanda. Meneja wangu wa wakati huo, mtu mwema, aliniambia asingeweza kumwomba mnunuzi majaribio mapya kwa ajili ya kidole kimoja. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amebanwa na karatasi ambayo aliyeiandika hakuwahi kusimama chumbani mwetu.

Kwa hiyo ninyi maofisa ununuzi, karatasi hiyo ni yenu, na ni ninyi mnaoweza kuifuta mistari mitatu. Kina mkipime kwa eksirei. Kobalti iliyobaki muipime kwenye kipande kilichokatwa. Uimara muupime kama mnavyoupima sasa, kwa kukipitisha kikataji kwenye gogo la granaiti linalozunguka hadi kichakae, kwa maji na bila maji. Kikataji kikifaulu, hakuna sababu ya kuuliza kiliogea wapi.

Ninyi wakurugenzi, naomba meza moja na miezi 6. Chukueni kundi moja la vikataji vilivyobanwa siku moja kwenye mashine moja. Gaweni nusu kwa nusu. Nusu iende kwenye asidi kama kawaida, nusu iende kwenye umeme, zote hadi kina kilekile. Zipewe namba ambazo anayepima kwenye granaiti hajui maana yake. Mpeni kazi hiyo fundi ambaye ameshafungua chombo cha asidi mwenyewe, kwa sababu ataona vitu ambavyo mhandisi mpya hataviona, kama vile rangi ya ukingo unapooshwa na harufu ya kizibo kinachoanza kuchoka. Matokeo yaandikwe yote, pamoja na vikataji vitakavyopasuka. Nikisema umeme utashinda kila mahali nitakuwa nawadanganya; kwa kina kirefu sana sina uhakika visiwa vitakubali. Kwa kina cha mikromita mia mbili au mia tatu, niko tayari kuweka jina langu la kazi mezani.

Ninyi wakaguzi, mnapokuja mnatazama kama tumevaa glavu na kama mabango yamebandikwa. Kanuni ya kwanza ya usalama wa kemikali mnayotufundisha wenyewe ni kuondoa kitu cha hatari kabla ya kumvisha mtu kinga. Ulizeni basi, kwa maandishi, ni juhudi gani kiwanda kimefanya kuondoa hidrofloriki, na msipokee jibu la kwamba mteja ndiye aliyetaka. Swali hilo likishaingia kwenye ripoti yenu, meneja kama yule wangu atakuwa na kitu cha kumpelekea mnunuzi.

Majaribio hayo yataanza mkikubali, na yatachukua muda. Lipo lisilohitaji muda. Leo, kabla zamu ya usiku haijaingia, mtume mtu akafungue sanduku la huduma ya kwanza la chumba cha asidi, asome tarehe kwenye bomba la jeli ya kalsiamu glukoneti, alibonyeze aone kama inatoka, na aliweke karibu na bomba la maji, mahali ambapo mtu mwenye mkono mmoja tu unaofanya kazi anaweza kulifikia bila kutafuta ufunguo.

Wenu katika kazi,

Fundi wa chumba cha asidi